Uzi: Majira ya joto yenye mvua jijini Glasgow, na nguo zetu za rangi

Mwana_wa_Ngamiani (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naandika kutoka Glasgow, Uskoti, ninakoishi huu mwaka wa kumi na moja. Kila ifikapo Juni huulizwa swali lile lile na jamaa wanaojiandaa kuja huku kusoma, kufanya kazi au kuwatembelea watoto wao: je, wafungashe vitenge na madera yao, au waviache nyumbani wakanunue makoti meusi watakapofika? Jibu langu ni kwamba wavifungashe, tena vile vyenye rangi kali kuliko vyote. Sababu zangu ningependa kuzieleza kwa urefu, kwa kuwa nimeona watu wengi wakiupoteza mwaka wao wa kwanza wakiwa wamejifungia ndani, wakingoja jua.

Nasema majira ya joto, wala sisemi kiangazi, kwa makusudi. Kiangazi kwetu ni ukavu: vumbi limetanda na mvua imekatika. Huku, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya joto kwa maana ya kwamba baridi imepungua. Mchana wa kawaida hufika nyuzi 18 au 19 hivi, na mvua haikatiki. Anayekuja na picha ya kiangazi kichwani atavunjika moyo wiki ya kwanza, ilhali anayekumbuka kipupwe cha pwani na yale manyunyu ya mchoo atakuwa karibu zaidi na hali halisi.

Jambo linalowashangaza wengi ni hesabu ya mvua yenyewe. Glasgow hupata kati ya milimita 1,100 na 1,250 kwa mwaka, na Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100, kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam hahami kutoka mji mkavu kwenda mji wa mvua. Tofauti iko katika mgawanyo. Masika huja kwa kishindo, Aprili peke yake ikiweza kumwaga zaidi ya milimita 200, kisha katikati ya mwaka mbingu zikafunga. Huku kiasi kile kile kimekatwa vipande vidogo vidogo na kutawanywa mwaka mzima. Wenyeji wana neno lao, smirr, kwa manyunyu membamba ambayo sisi tungeyaita rasharasha, na siku nzito ya mawingu na unyevu huiita dreich. Mvua ya namna hiyo haikulowanishi kwa kukupiga. Hukulowanisha kwa kukukalia mabegani nusu saa nzima bila wewe kuisikia. Ndiyo maana ile desturi yetu ya kusimama barazani mpaka ipite haifai huku. Ukisubiri ipite, siku itakwisha.

Sasa nguo. Majira yangu ya kwanza nilitoka nikiwa nimevaa gauni la batiki la buluu, nililolinunua siku chache kabla ya safari na ambalo sikuwahi kulifua, na juu yake koti la rangi ya maziwa nililoazimwa na mwenzangu wa kazini. Nilipolivua koti ndani ya jumba la makumbusho niliona bitana yote ya kiunoni imejaa mawingu ya buluu, na mistari miwili ya buluu imenishuka miguuni mpaka ndani ya soksi. Koti lile sikuweza kulisafisha, nikalilipa. Tangu siku hiyo kila kitambaa kipya nakilowesha pembe moja, kisha naisugua kwa leso nyeupe iliyolowana. Leso ikibaki nyeupe, nguo iko tayari kwa Glasgow. Ikichukua rangi, naifua peke yake mara tatu au nne na kuijaribu tena, na isiposikia naiacha iwe nguo ya nyumbani. Kwa vitenge ninatazama vilevile upande wa nyuma: kitenge cha nta halisi hukolea pande zote mbili kiasi cha kutotambua upi ni wa mbele, wakati kilichochapwa upande mmoja hupauka mgongoni, na mara nyingi hivyo vya pili ndivyo vilivyoniletea matatizo.

Urefu nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Dera la pamba laini linaloburura chini hunyonya maji kwenye pindo na kuyapandisha mpaka magotini kama utambi wa taa ya chemli, na likishalowa huwa zito na kunata miguuni. Yangu yote nimeyapandisha mpaka katikati ya muundi. Chini navaa taitsi nene na buti zisizopitisha maji, na juu koti la mvua jepesi lenye kofia, la rangi ya njano. Mwavuli nimeuacha, kwa sababu upepo unaotoka Bahari ya Atlantiki huupindua nje ndani, na sasa nautumia siku tulivu tu.

Nimalizie kwa jambo la nuru, maana hilo ndilo lililonifanya niipende mvua hii. Mawingu huitawanya nuru sawasawa, pasiwe na kivuli kikali wala mng'ao wa kuumiza macho, na rangi huonekana kwa ukamilifu wake. Jua letu la saa sita mchana huipausha hata nyekundu iliyokolea, lakini nyekundu hiyo hiyo, chini ya anga la kijivu na mbele ya mawe yaliyolowa, huwaka. Anayependa kupiga picha ataliona hili kwenye kioo cha simu yake siku ya kwanza.

Jirani_wa_Kariakoo

Nashukuru sana kwa maelezo haya, dada. Natarajia kuja Septemba kwa masomo, na nina maswali mawili. La kwanza, je, mtu akivaa rangi kali katika mji ambao watu wake huvaa nyeusi na kijivu, hatakuwa anajitangaza kwamba ni mgeni? Nimezoea kujichanganya na watu kimyakimya, na sipendi kugeukiwa barabarani. La pili, mengi uliyoyaeleza ni ya wanawake. Sisi wanaume tufanyeje?

Mwana_wa_Ngamiani

Kaka, swali lako la kwanza nililibeba mwenyewe kwa miaka miwili, na lililonitua mzigo ni historia ya mji huu, ambayo nakuomba uivumilie.

Mwaka 1785 mfanyabiashara aitwaye George Macintosh, akishirikiana na David Dale, alianzisha hapa Glasgow kiwanda cha kutia nguo rangi nyekundu iliyojulikana kama nyekundu ya Uturuki. Walimleta fundi Mfaransa, Pierre Jacques Papillon wa mji wa Rouen, aliyeijua siri ya kazi hiyo. Ilikuwa kazi ndefu na chafu: uzi wa pamba ulilowekwa katika mafuta, katika shabu, katika samadi, na hatimaye katika rangi iliyotokana na mizizi ya mmea, hatua baada ya hatua kwa wiki kadhaa. Walichokipata ni nyekundu isiyochuja kwa maji wala kupauka kwa jua, na baadaye bonde la mto Leven, kaskazini-magharibi mwa Glasgow, likawa na viwanda vikubwa vilivyouza nguo nyekundu mpaka India.

George Macintosh alikuwa na mtoto, Charles, aliyezaliwa mwaka 1766. Huyo mtoto alikua katika harufu ya rangi na dawa za kiwandani, akawa mkemia, na mwaka 1823 akapata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji. Aliyeyusha mpira kwa nafta, mafuta yaliyopatikana kutokana na lami iliyobaki katika utengenezaji wa gesi ya makaa, kisha akaupaka kati ya vitambaa viwili na kuvibana pamoja. Makoti ya mvua ya mwanzo yalikuwa na kasoro, yakikakamaa kwenye baridi na kunata kwenye joto, mpaka ilipopatikana njia ya kuuimarisha mpira kwa salfa miaka ya 1840, lakini asili ya koti la mvua tunalolivaa leo ni hiyo. Charles Macintosh amezikwa katika uwanja wa Kanisa Kuu la Glasgow. (Asichanganywe na Charles Rennie Mackintosh, msanifu majengo maarufu wa mji huu huu, ambaye jina lake lina herufi k katikati.)

Kwa hiyo nyumba moja, ya baba na mwana, ilitoa nyekundu isiyochuja na koti lisilopitisha maji. Nami nikitoka na gauni jekundu chini ya koti la mvua, sioni kwamba nimeleta jambo geni Glasgow. Ongeza na hili: katika miaka ya 1890 mfanyabiashara wa Glasgow aitwaye Ebenezer Brown Fleming ndiye aliyekuwa akipeleka Gold Coast, Ghana ya leo, vitambaa vya nta vilivyotengenezwa Haarlem, Uholanzi, kwa kuiga batiki za Java. Kitenge tunachokishona leo Tanga na Kisangani kimetoka katika ukoo huo wa vitambaa.

Kuhusu kugeukiwa, ni kweli utageukiwa. Kwa uzoefu wangu, wanaonisimamisha kituoni ni bibi wazee wanaotaka kujua kitambaa kimetoka wapi, na mazungumzo mawili kati ya matatu niliyowahi kufanya na majirani zangu yalianza kwa njia hiyo. Mtu mkimya pia huhitaji kuwa na jirani anayemfahamu kwa uso.

Wanaume wana kazi nyepesi. Shati la kitenge lililoshonwa vizuri, lenye mikono mirefu, hukaa sawa juu ya fulana nzito na chini ya koti, na kikoi, kikikunjwa mara mbili kwa urefu, ni skafu bora kuliko nyingi zinazouzwa madukani. Epuka jinzi siku za mvua, kwa sababu ikilowa haikauki mpaka kesho.

Dada_wa_Uvira

Ndugu zangu, niruhusuni niongeze. Mimi ni mtu wa Kivu Kusini, ninaishi Glasgow upande wa mashariki, na vitenge hivyo kwetu tunaviita vikwembe. Jumapili tunapokwenda kanisani hakuna anayeuliza kama kuna mvua. Kila mama anavaa kikwembe chake kamili, na sketi, na blauzi, na kitambaa cha kichwa. Tulichojifunza ni viatu viwili. Unatoka nyumbani na gambuti, na viatu vyako vizuri umevifunga katika mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, kisha unavibadilisha mlangoni. Ukumbi wetu una rafu ndefu ukutani, na siku ya mvua utaona gambuti arobaini zimepangwa pale, za njano, za waridi, za kijani, za watoto zenye macho ya chura mbele, zote zikichuruzika maji kwenye magazeti yaliyotandikwa chini.

Nina jambo moja la kumpinga mleta uzi kwa heshima. Amesema kitenge kikichuja kiachwe nyumbani. Mimi ni fundi cherehani, na ushauri wangu ni kukitia bitana nyeusi ya kuteleza. Bitana huzuia rangi isifike mwilini wala kwenye koti, hukipa kitenge uzito wa kushindana na upepo, na hufanya gauni lisinate kwenye taitsi. Gharama inaongezeka kidogo, lakini gauni linadumu.

Halafu, mtu akifika Glasgow Green, bustani kubwa kando ya mto Clyde, atazame zile nguzo za chuma zilizosimama kwenye majani. Zamani wanawake wa mji walikuwa wakifua na kuanika nguo zao pale. Mbele yake kuna jengo lililokuwa kiwanda cha mazulia cha Templeton, lililojengwa kwa kuiga jumba la watawala wa Venice, lenye matofali mekundu, ya njano na ya kijani yaliyosukwa kama mkeka. Ukuta wake ulianguka wakati wa ujenzi mwaka 1889 na kuwaua wanawake 29 waliokuwa wakifuma katika banda la jirani. Mimi hupita pale kila nikienda soko la Barras mwisho wa wiki, na kila mara husimama.

Mwana_wa_Ngamiani

Dada wa Uvira, nimekubali kuhusu bitana, na batiki yangu ya buluu nitaileta kwako.

Niingie sasa kwenye matembezi yenyewe, kwa sababu nguo bila mahali pa kwenda ni mzigo wa kabati. Kanuni yangu ni kuipanga siku kwa mapaa: kutoka paa hadi paa kusiwe na mwendo wa miguu unaozidi dakika kumi, na kati yake niikaribishe mvua kama sehemu ya matembezi. Mji huu unaruhusu hilo kwa urahisi. Makumbusho yake makubwa ya umma hayana kiingilio, na treni yake ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1896, ni duara moja tu lenye vituo 15, ambalo hulizunguka kwa dakika 24. Ukikosea upande hupotei. Utafika tu, kwa kuchelewa kidogo.

Huanzia chini ya daraja la reli la Kituo Kikuu linalopita juu ya Argyle Street. Wenyeji huliita Hielanman's Umbrella, yaani mwavuli wa mtu wa Nyanda za Juu, kwa sababu watu waliohamia mjini kutoka milima ya kaskazini, wasemaji wa Kigaeli, walikuwa wakikutana hapo kupeana habari za kwao wakijikinga mvua. Kila nikisimama pale huwaza kwamba watu wale walikuwa kama sisi: wamekuja kutafuta kazi, lugha yao si ya mji, na mahali pao pa kuongea kwa raha ni chini ya paa lisilo la mtu. Hatua chache mbele iko Argyll Arcade, ujia uliofunikwa kwa kioo tangu mwaka 1827, wenye maduka ya vito pande zote mbili. Mwanamke wa pwani asiyependa kutazama dhahabu sijamwona bado.

Kutoka hapo ni treni hadi Hillhead, kisha dakika tano kwa miguu mpaka Bustani ya Mimea. Ndani yake mna Kibble Palace, jumba la kioo lenye kuba, lililosafirishwa kutoka pwani ya Loch Long na kujengwa upya hapo mwaka 1873. Siku ya mvua ndiyo siku yake. Maji yanaporomoka juu ya kioo, chini imesimama mikangaga mirefu kama minazi michanga, na hewa ina ule unyevu wa Amani, Usambara, alfajiri. Mwaka jana nilikaa pale na kanga ya njano na nyeusi mabegani, na mtoto mdogo wa Kiskoti akaja kuigusa pindo, akifuatisha maandishi kwa kidole chake herufi moja moja, akamuuliza mama yake kwa nini nguo ile inaongea. Nilimsomea.

Kituo kimoja tu kutoka Hillhead ni Kelvinhall, na karibu na hapo Jumba la Makumbusho la Kelvingrove, la mawe mekundu, lililofunguliwa mwaka 1901. Ndege ya kivita ya Spitfire imening'inizwa darini juu ya tembo aliyekaushwa, na karibu kila siku mchana hupigwa kinanda kikubwa cha mabomba ambacho sauti yake huisikia kifuani. Kama ni Jumamosi yenye mvua ya kutwa nzima, badala yake huenda kusini, Pollok, kwenye Mkusanyiko wa Burrell uliofunguliwa upya mwaka 2022, kuona mazulia ya kale ya Uajemi. Mtu aliyezoea kuchagua kanga kwa kutazama mji, yaani ile sehemu yake ya katikati, na pindo atayaelewa mazulia yale bila kufundishwa.

Na msisahau urefu wa siku. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku. Mvua ikiiba asubuhi yote, bado una mchana mzima na jioni ndefu.

Mama_wa_Pangani

Wanangu, nawasalimu. Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, na sasa ninaandika kwa msaada wake. Nina miaka 67. Naja huko katikati ya Julai kwa binti yangu aliyejifungua. Magoti yangu hayapendi ngazi, na mimi ni mtu wa kanga na ushungi. Koti la njano sijalivaa tangu nizaliwe. Nataka kujua kama nitaweza kutoka, au nikae ndani na mtoto. Na swala je?

Mwana_wa_Ngamiani

Shikamoo, mama. Hongera kwa kupata mjukuu, na karibu sana Glasgow.

Kutoka utatoka, mama, tena mtoto mchanga akiwa kwenye kigari chenye kifuniko cha plastiki mtatoka wote. Treni ya chini ya ardhi iache, kwa sababu vituo vyake vingi havina lifti. Panda basi la ghorofa, ukae chini karibu na mlango. Sakafu yake iko karibu na barabara, kwa hiyo magoti hayatahangaika. Kelvingrove na Burrell zina lifti na viti vya kupumzikia, na Bustani ya Mimea ina mabenchi ndani ya jumba la kioo.

Kanga leta, mama, lakini ndani yake ushonewe gauni la sufu nyepesi au uvae fulana ya mikono mirefu, maana kanga peke yake haikingi upepo. Ushungi wa pamba ukilowa hukaa na baridi shingoni, kwa hiyo beba wa pili mkavu mkobani, kama Dada wa Uvira anavyobeba viatu. Koti si lazima liwe la njano. Yapo ya zambarau, ya kijani kibichi na ya rangi ya damu ya mzee. Binti yako akununulie kubwa kuliko saizi yako ili kanga ya pili ienee ndani bila kukunjika.

Msikiti Mkuu uko ukingoni mwa mto Clyde, upande wa kusini, na wanawake wana sehemu yao. Jiandae tu kwamba Magharibi ya Julai huingia karibu saa nne usiku, na Isha huchelewa zaidi, kwa hiyo lala kidogo baada ya Adhuhuri.

Jumamosi ya kwanza baada ya wewe kufika, Mwenyezi Mungu akipenda, nitakuwa chini ya daraja la Argyle Street saa nne asubuhi, upande wa kaskazini wa barabara, penye madirisha makubwa ya kioo. Mwambie binti yako asikusumbue kwa kukuelekeza sana. Wewe vaa ile kanga uipendayo kuliko zote, nitakuona toka mbali.